Ua wa Kimo cha Goti

Jumapili, 5 Agosti 1984

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi Mutindi nilifika darasa la nne tu, na Biblia niliyojifunzia kusoma ilikuwa ya Kiswahili. Ya pili, Kiilu mume wangu husoma Kikamba tu. Kwa hivyo hapa nitasema, na yeye atapita mbele ya daftari asijue nimesema nini.

Mto umekauka. Huu wetu si mto mkubwa, ni mkono tu unaoingia Athi, lakini sijauona hivi mwezi wa nane tangu niolewe hapa. Umebaki mchanga, na kidimbwi kimoja chini ya mwamba, maji ya kijani yanayonuka. Huko hatuchoti. Tunachota kwenye kisima tulichochimba mchangani upande wa kanisa, mbali, hata ukitupa jiwe kutoka kidimbwini halifiki. Ni shimo la kuingia mtu mzima. Mmoja anashuka na kibuyu, anachota, anampa aliye juu. Ukiwa ndani huoni kitu ila mbingu.

Leo baada ya ibada nilimkuta Qamar mbele yangu tena. Huyu ni mke wa Yarow, muuza mbuzi aliyekuja kutoka Garissa akapanga nyumba nyuma ya maduka. Ana punda wawili na mitungi tele. Alinisalimia vizuri. Nami nilijibu kwa midomo tu, Bwana anajua.

Jumatano, 8 Agosti

Mahindi ya njano ya msaada tena. Nimeyatwanga yatoke maganda yawe muthokoi, yamekataa kuwa muthokoi. Asante Mungu hata hivyo.

Jumanne, 14 Agosti

Qamar amekuja kisimani analia. Mbuzi wake mwenye mimba amechukuliwa alfajiri, hapa hapa kwenye karai la kunyweshea, hatua chache kutoka kisimani.

"Ni mamba," alisema.

Wanawake waliangua kicheko. Mumbua, ambaye mdomo wake hauna mlango, akamwuliza, "Alikuja na baiskeli? Kidimbwi si kile kule?"

Mimi pia nilicheka. Nilidhani ni ujanja, anataka tuogope ili achote peke yake. Aliyekosa kucheka ni Muthoki, mke wa mwanangu Mbuvi aliyeko kazini Nairobi. "Mwaitu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, yaani mama yangu kwa lugha yetu, "mwangalie mikono. Mtu hawezi kuitetemesha mikono hivyo kwa kujifanya."

Ijumaa, 17 Agosti

Nilikwenda mapema kabla punda hawajavuruga mchanga, nikaona mwenyewe.

Nyayo zilitoka kidimbwini zikaja mpaka kwenye karai zikarudi. Za mbele ni ndogo, kama kiganja cha mtu kilichofunguliwa, vidole vitano. Za nyuma ni kubwa, ndefu, zina kisigino, vidole vinne, na kati ya vidole mchanga umebonyezwa na ngozi kama ya bata. Katikati ya nyayo kuna mstari mwembamba unaopinda huku na huku. Basi. Zaidi ya hapo mchanga ulikuwa safi kama ulivyolala.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia. Kiilu alikuwa anatia jembe mpini, nikamweleza nyayo na ule mstari. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya kisima, na ni mzee wa kanisa, kwa hivyo kila neno linapitia kwake kama maji kwenye kichungi.

"Fisi," alisema bila kuinua macho.

"Fisi ana vidole vitano lini? Na mguu wa bata?"

"Na huo mstari?" akauliza.

"Mkia."

"Ni fisi anaburuta mfupa. Mama Mbuvi, mamba akipita anaacha njia ya tumbo, kama gunia lililovutwa. Wewe si umekulia karibu na Athi? Umewaona wakiingia majini."

Ni kweli, nimewaona. Huteleza kwa tumbo kwenye tope, pwaa, wameingia.

"Haya. Umeona njia ya tumbo?"

"Sijaona."

"Basi."

Hilo neno lake! Akilisema ni kama amefunga duka. Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumapili, 19 Agosti

Nilimwendea Qamar mwenyewe, nyuma ya maduka. Alinipa chai ya maziwa yenye iliki. Nikamwambia nimeona nyayo, na kwamba siku ile nilicheka. Akasema, "Mama, hata mimi ningecheka kama singekuwa nimezaliwa kando ya Tana." Kisha akaweka mikono mezani kama miguu, akainua kifua. "Anajiinua hivi. Tumbo linabaki hewani. Maji yakimwishia, anatembea kutafuta mengine, au anatafuta anayekuja kunywa."

Tumekubaliana kinachotakiwa. Ua wa miiba mrefu, wa kumpita mtu, kuzunguka kisima, na mlango wa kufunga. Mifugo inyweshewe nje.

Jumatatu, 20 Agosti

Nimemwambia Kiilu habari ya ua. Amesema miiba yote hiyo itakatwa na nani. Nimesema na wanaume wanaocheza drafti pale dukani. Hakupenda.

Jumamosi, 1 Septemba

Mbwa wa Mumbua amepotea karibu na karai. Mumbua hacheki tena. Naibu wa chifu amepeleka habari wilayani kwamba kisima chetu kina mamba. Ashukuriwe Mungu, angalau mmoja ana masikio.

Alhamisi, 13 Septemba

Nimekasirika mpaka mwandiko unatoboa karatasi.

Leo ilikuwa baraza. Naibu wa chifu alisimama na jibu la wilayani, akalisoma kwa sauti ya sherehe. Tufyeke vichaka kandokando ya nyumba. Tusiingize mikono kwenye mashimo ya panya. Tuvae viatu. Na mtu akiumwa asikimbie, maana sumu itaenea haraka.

Kisha Mumbua akapaza sauti: "Mamba gani huyo wa kukaa kwa shimo la panya? Amekonda hivyo?"

Vicheko vikapanda. Ndipo Jonah, mwinjilisti wetu, akainuka. Ni kijana mzuri, anaomba vizuri, alisoma chuo cha Biblia na ana Kiingereza. Akasema, "Wapendwa, ofisi haijakosea. Kwa Kizungu, mamba ni nyoka. Nyoka mkali sana, mweusi."

Kumbe karani wa huko aliliandika neno letu katika Kiingereza kama lilivyo, mamba, na aliyesoma akaona nyoka! Sisi tunaliwa na mnyama wa miguu minne, tunaletewa dawa ya mnyama asiye na hata mguu mmoja.

Nilisimama. Mwanamke kusimama barazani si kitu, wengi husimama, lakini mke wa mwenyekiti husubiri mumewe. Sikusubiri. Nikasema, "Rudisheni habari. Waambieni ni yule wa Athi, kĩng'ang'i, mwenye meno na mkia."

Naibu wa chifu akakunja karatasi yake. "Mama, ofisi ikishajibu imejibu."

Jumapili, 16 Septemba

Mambo yamezidi kuharibika, tena kutoka mimbarini.

Jonah amehubiri juu ya laana ya Edeni. Amesema si bure Wazungu kumwita nyoka na mnyama wa Athi kwa jina moja, kwamba ni ukoo mmoja uliolaaniwa, na aliyelaaniwa kwenda kwa tumbo atakwenda kwa tumbo hadi kiama. Kwa hivyo nyayo zisizo na njia ya tumbo si za mamba. Ni za fisi, au ni za jambo lingine, na hapo akatazama chini kama mtu anayejua zaidi ya anavyosema. Wengine waligeuza shingo kuelekea maduka, anakokaa Qamar.

Wazungu wenyewe wana jina lao la mnyama huyu, namkumbuka kwenye picha ya darasa la tatu. Krokodaili! Neno la Jonah lilikuwa la kwetu, wamelivisha nyoka wao.

Nilimsubiri mlangoni. "Mwalimu, yule nyoka alihukumiwa peke yake. Mamba ametajwa wapi?"

"Mama Mbuvi, Maandiko yana kina."

"Na kidimbwi pia kina kina."

Alicheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Alidhani ni utani.

Ijumaa, 21 Septemba

Kamati imejenga ua.

Naandika tena ili niamini. Kamati imejenga ua, kwa sababu wanawake tulikataa kupika chai ya mkutano wao mpaka wajenge. Wamekata miiba, wameipanga vizuri, imebana, sungura hapiti. Na kimo chake ni goti. Goti la Kiilu! Alisimama pale, akaweka kiganja gotini mwake, akawaambia wengine, "Hapa. Kama ni mamba, ni mnyama wa tumbo, goti linatosha. Na kama ni fisi, moshi wa moto tutakaowasha usiku utamfukuza. Na akina mama wataruka na mitungi bila kusumbuka kufungua mlango."

Wapo wanawake waliompigia makofi, kwa kweli ni rahisi kuruka.

Nilisema. Nilisema mbele yao wote kwamba kipimo si hicho. Kiilu akaniambia, kwa upole, upole wake ndio unaoniua, "Mama Mbuvi, chai sasa."

Bwana, unasema tuwatii waume zetu. Nimepika chai. Sikutia sukari.

Jumanne, 25 Septemba

Upepo. Vumbi kwenye uji, vumbi kwenye Biblia.

Jumamosi, 29 Septemba

Kidimbwi kimebaki kama uwanja wa nyumba moja. Harufu inafika kanisani.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimemwona.

Akina mama wa kanisa tunafunga kila Jumatano kuombea mvua. Nilishuka asubuhi na Muthoki, jua limetoka, kila kitu wazi. Alikuwa ng'ambo ya mchanga, upande wa mwamba, anatembea. Si kutambaa. Ameisimamisha miguu chini yake kama nguzo za ghala, tumbo juu, hata niliona mwanga ukipita kati ya tumbo na mchanga. Mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto inakwenda pamoja, kisha ile mingine, taratibu, kama mzee anayekagua shamba lake. Ni ncha ya mkia tu iliyogusa chini, ikichora ule mstari. Kisha alifika kwenye maji, akakunja miguu ubavuni, akalala, akateleza. Pwaa. Akawa yule mnyama ambaye wote tunamjua.

Muthoki alininong'oneza, "Mwaitu, anatudanganya. Tukiwa tunaangalia, anakwenda kwa tumbo."

Nilimwambia Kiilu. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitasema uongo. Kisha akasema, "Ulikuwa umefunga. Tumbo tupu linaonyesha watu vitu."

"Na Muthoki? Yeye ana mimba, hafungi. Alikunywa uji."

"Muthoki anaona unachoona wewe."

"Baba Mbuvi, inua huo ua."

"Tutaangalia mwezi ukiisha."

Nilimwomba. Nimeandika hapa kwamba nilimwomba.

Jumanne, 9 Oktoba

Siwezi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimerudi kutoka hospitali. Nitaandika yote, kisha nitalala kama nitalala.

Jumanne asubuhi zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Muthoki akasema, "Mwaitu, goti lako linauma, nitashuka mimi." Akashuka na kibuyu. Mimi nilikuwa juu napokea, nageuka kumimina kwenye mtungi, narudi. Qamar alikuwa nyuma yangu na fimbo yake ya mbuzi. Tulikuwa tunazungumza habari ya majina ya watoto.

Punda ndiye aliyejua kwanza. Alivuta kamba akakimbia. Nikageuka, na mamba alikuwa tayari ameweka mikono juu ya ua. Nasema mikono kwa sababu ilikuwa mikono, viganja juu ya miiba ya Kiilu, kama mtu anayechungulia kwa jirani. Kisha akasukuma na miguu ya nyuma, ile mirefu yenye kisigino, akapita. Hakuguswa na mwiba. Akaja kwa miguu yote minne, haraka, mchanga unaruka.

Nilipiga kelele, "Muthoki, toka!" Na hilo ndilo kosa, maana alikuwa salama zaidi akiwa chini. Alipanda, akatoa mwili, mguu mmoja ukabaki nyuma, na mamba akaushika chini ya goti. Nilimkumbatia Muthoki kifuani. Mamba akajizungusha. Ule mlio wa mfupa nitausikia mpaka nifike mbinguni, na nikifika nitauulizia.

Qamar hakukimbia. Alimrukia, akaingiza fimbo mdomoni pembeni, akaisukuma ndani, ndani kabisa mpaka kooni, akiita jina la Mungu kwa lugha yake nami nikiita kwa yangu. Mamba akafungua mdomo. Tukavuta. Yeye akajiinua tena juu ya miguu yake, tumbo hewani, akapita juu ya ua kama mgeni anayeondoka, akarudi zake.

Qamar alifunga mguu kwa shuka yake. Yarow akaleta gari lake la kubebea mbuzi. Daktari Makueni amekata chini ya goti. Mtoto tumboni yuko hai, wanamsikia moyo. Muthoki alipozinduka aliniuliza kama mtungi ulijaa.

Sijamwambia Kiilu neno. Alikuja hospitalini, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nilimpisha apite. Ni hilo tu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kiilu amemwua. Alichukua upinde wa baba yake, akakaa mwambani tangu asubuhi, akamlenga nyuma ya kwapa anapojiinua. Wanaume wakamvuta kwa kamba za ng'ombe mpaka uwanja wa kanisa. Watu wakajaa. Jonah naye alikuwepo.

Nilipita katikati nikapiga magoti kando ya mamba. Sikuogopa, hasira ilikuwa imechukua nafasi yote. Nikashika mkono wake. Una bega, una kiwiko kinachoangalia nyuma kama changu, una kifundo, una vidole vitano, vitatu vina kucha na viwili havina. Nikashika mguu wa nyuma, nikaukunjua. Una paja nene, una goti. Una goti! Nikamgeuza kidogo nikagusa tumbo. Magamba yake ni meupe, laini, yamepangwa kama matofali, hayana mkwaruzo. Mtu anayekwenda kwa magoti kila siku utamjua kwa magoti yake. Hili tumbo halikuwa la kutembelea.

"Msimamisheni," nikasema.

Hakuna aliyesogea.

"Mlimpima amelala. Sasa msimamisheni."

Qamar akatoka kwenye kundi, akashika mguu mmoja. Yarow akashika mwingine. Mumbua, aliyeuliza habari ya baiskeli, akashika wa tatu huku machozi yakimtoka. Wa nne ulibaki mchangani, na wanaume wote wakatazamana. Kiilu ndiye aliyekuja. Wengine wakamshikilia kwa kamba, tukainyoosha miguu chini yake, akasimama.

Mgongo wake ulipita goti la Kiilu. Walikuwa ubavu kwa ubavu, kila mtu aliona. Kiilu akatazama goti lake kwa muda mrefu. Kisha akaachia mguu ule taratibu, kama unaoweza kuumia.

Jonah akasema, "Maajabu ya uumbaji."

Nilimwambia, "Mwalimu, leo usiseme kitu."

Jumapili, 14 Oktoba

Jonah hakuhubiri laana. Aliomba Qamar aombewe baraka, akamtaja kwa jina mbele ya kanisa. Ni vizuri. Mimi sikusema amina. Bwana, najua ninavyotakiwa kusamehe, lakini sijafika huko, na nikisema nimefika nitakuwa nakudanganya.

Ijumaa, 19 Oktoba

Wameinua ua. Sasa ni mrefu kumpita mtu. Hakuna mamba.

Alhamisi, 1 Novemba

Mvua. Ya usiku kucha, ya kweli. Kiilu alitoka akasimama ndani yake. Nilipanda kunde.

Jumapili, 11 Novemba

Muthoki amerudi nyumbani. Siku ya kwanza alijivuta ndani ya nyumba kwa mikono na makalio, kutoka mkekani mpaka mlangoni, na nililazimika kwenda nyuma ya ghala nikamlilia Mungu kwa sauti. Mamba alitembea, na huyu ndiye anayetambaa.

Kumbe Kiilu alikuwa amemchongea magongo kwa siri. Mti wa mwalula, amelainisha kwa kipande cha chupa, juu amefunga ngozi ya mbuzi ili yasimchome kwapani. Kazi nzuri. Alikuwa amempima hospitalini kwa kumtazama, Muthoki akiwa ameketi kitandani.

Akayaleta leo baada ya ibada. Qamar alikuwepo, amekuja na maziwa. Tulimwinua Muthoki, Qamar upande huu, mimi upande ule. Akayaweka kwapani, akainama kama bibi wa miaka tisini.

"Baba," Muthoki alisema, "haya ni ya mbuzi?"

Qamar alicheka kwanza. Mimi nilitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. "Umempima ameketi!" nikamwambia Kiilu. "Tena! Umempima chini, tena!" Nilisema yote. Yote yaliyomo humu daftarini, kwa Kikamba, mbele ya mgeni na mbele ya mkwe, tangu neno lake la basi mpaka chai isiyo na sukari. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilikuwa nahema.

Kiilu alichukua magongo, akayaweka kando ya ukuta. Akaleta mti mwingine mrefu, ambao haujachongwa, na kipande cha mkaa. Akapiga magoti mbele ya Muthoki.

"Simama utakavyosimama," alimwambia. "Utaniambia wewe."

Muthoki alijinyoosha juu ya mguu wake mmoja, mimba mbele, mikono yake mabegani mwetu, mzito kuliko mtungi. Kiilu akausimamisha mti ubavuni mwake, akaweka mkaa.

"Hapa?"

"Juu zaidi, baba."

Akasogeza mkaa.

"Juu kidogo tena."